Wasifu wa baba yako usimwachie mshereheshaji

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Manyoni aliniandikia hivi: "Dada, pole na majukumu. Naomba sampuli ya wasifu wa marehemu. Mzee wetu amefariki, tunazika keshokutwa. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kama wa kwako. Nitabadilisha majina tu."

Nilimpa pole ya dhati, maana mfiwa ni mfiwa. Lakini hilo la "nitabadilisha majina tu" limenikaa kooni mpaka leo. Ukibadilisha majina tu, ndugu yangu, utakuwa umewasomea watu baba wa mtu mwingine, halafu ukamzika wa kwako bila neno.

Naandika kwa watu wa aina yangu. Mnaotaka wajukuu zenu wakiulizwa "babu yako alikuwa nani" wasibaki kukodoa macho. Mnaojenga nyumba Dodoma hii, mnasomesha, mnataka jina la ukoo lisimame. Kwa hiyo sitawabembeleza.

Baba yangu alikuwa askari, akawa mhandisi wa maji, na huko kote alikuwa baba. Tulimzika kijijini, upande wa Mvumi. Habari za hospitali naziruka, hazina la kuwafaa. Nianzie kwenye turubai, pale kamati ya mazishi ilipogawana kazi: huyu jeneza, huyu chakula, huyu usafiri, huyu daftari la rambirambi. Wasifu akapewa ndugu mmoja ambaye hakuwa na kazi nyingine. Akaandika usiku kwenye simu, asubuhi akamrushia mshereheshaji.

Ulikuwa mfupi kuliko tangazo la ng'ombe aliyepotea. "Marehemu alizaliwa mwaka 1952. Alipata elimu ya msingi, baadaye akajiunga na jeshi, ambako alifikia cheo cha koplo. Alishiriki Vita vya Kagera. Baadaye aliajiriwa katika maji hadi alipostaafu. Alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu..." Hapo kwenye shinikizo la damu ndipo mwandishi alipopata nguvu. Tukaelezwa alivyopimwa, alivyolazwa, alivyoruhusiwa, alivyorudishwa, dripu, oksijeni, mpaka saa aliyokata roho. Ugonjwa wake ulipata maneno mengi kuliko maisha yake. Kisha: "Ameacha mjane, watoto saba na wajukuu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe." Amina.

Koplo! Baba aliacha jeshi akiwa Sajini Taji. Kuna usajenti katikati hapo, na kila ngazi ni miaka ya mtu. Cheo kilishushwa jeneza likiwa mbele yetu, na hakuna mahakama ya kijeshi iliyokaa. Wazee wenzake waliokuja na kofia zao walitazamana. Mimi nilikuwa nimeshikwa na wanawake kila upande, nisingeweza kunyanyuka. Baada ya hapo zikaja salamu. Diwani, wawakilishi wa hiki na kile, wenyeviti wa vikundi, kila mmoja akianza na "sitawachosha". Walituchosha. Muda ambao ungetosha kumsimulia baba yangu uliishia kwa watu waliokuwa wakijisimulia wenyewe.

Nilikaa na uchungu huo miezi mingi. Halafu, tulipokaribia ibada ya kuweka msalaba, niliiambia familia kwamba safari hii wasifu naandika mimi na kusoma nasoma mimi. Niliusoma mwezi uliopita. Na niseme bila haya, ulikuwa wasifu. Watu waliokuja kula wali waliacha kutazama sufuria.

Sasa mnauliza niliandikaje. Siri ya kwanza, na karibu ndiyo ya mwisho: nilianza baba akiwa hai. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimenunua kaunta buku, nikawa nikienda nyumbani Miyuji namuuliza, naandika. Anzeni mapema. Nitalirudia hili mpaka mlichoke.

Siri ya pili ni namna ya kuuliza. Mzee aliyetoka vitani ukimuuliza "uliua wangapi?" hutapata kitu. Baba aliulizwa hivyo na vijana wa mtaani zaidi ya mara moja, na kila mara aliinuka akaenda kuangalia kuku wake. Nami mwanzoni nilikuwa nikiuliza habari za ushujaa, napata "tulienda, tukarudi." Siku moja, sijui kwa nini, nikamuuliza kitu cha kazi tu: "Baba, lile daraja la Kyaka mlilivusha vipi bila kreni?" Akasogeza kikombe cha chai, akaniambia lete viberiti.

Kwa wasiojua: mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakashika eneo letu lote la kaskazini ya mto, na Novemba wakalivunja daraja la Kyaka ili tusivuke. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Wote tunayajua maneno hayo, hata waliozaliwa juzi. Baba, ambaye alikuwa kikosi cha wahandisi, alikuwa na nyongeza yake: "Sababu na nia vilikuwa tele. Uwezo ulikuwa umekwama upande huu wa mto."

Basi wakapeleka daraja la Bailey. Alilibuni Mwingereza, Donald Bailey, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ni la vipande vya chuma, kila kimoja futi 10, uzito kama kilo 260, vinavyofungwa kwa pini bila kuchomelea wala mashine kubwa. Baba alipanga viberiti mezani, kimoja nyuma ya kingine. Kwanza mnaunda pua, alisema, kipande chepesi cha mbele. Kisha daraja lote mnalijenga nchi kavu upande wenu, juu ya vyuma vinavyozunguka kama magogo, halafu mnalisukuma. Alisukuma viberiti kwa kidole mpaka vikaning'inia ukingoni mwa meza. Mkono wake mwingine ulikuwa umekandamiza vya nyuma. "Unaona? Nyuma lazima kuwe kuzito kuliko mbele. La sivyo linapiga magoti mtoni na ninyi mkiwa juu yake." Pua ikagusa kikombe cha chai, ambacho ndicho kilikuwa ng'ambo.

Kila kipande kilibebwa na watu sita kwa miti. Baba alikuwa mrefu, na mrefu akipangwa na wafupi, uzito wote unamlalia yeye. Akafungua shati akanionyesha bega la kulia, pale ngozi ilipokuwa ngumu kama kisigino. Nilikuwa nimeliona bega hilo maisha yangu yote nikidhani ni jipu la zamani.

Hiyo ndiyo niliyoisoma kwenye ibada. Na hapo ndipo mzee mmoja wa kofia alipoinuka katikati ya usomaji, bila kuombwa, akasema: "Binti, sita ni kwenye kitabu. Kwenye matope ya pale tulikuwa wanane." Mwingine akakataa, akasema ni sita. Wakabishana mbele ya mchungaji. Nilisimama na karatasi yangu nikiwasikiliza, na nilifurahi kuliko ningepigiwa makofi. Pale kwenye turubai la mazishi nani angebishana? Kulikuwa na nini cha kubishania katika "alishiriki Vita vya Kagera"?

Ya Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Kampala tarehe 11 Aprili, sikuyaandika kwa kirefu. Hayo ni ya nchi nzima na yamehifadhiwa. Niliandika ya kwake: kulala chali chini ya kalvati kuangalia kama litabeba kifaru, kutafuta mabomu ya ardhini kwa kuchokonoa udongo, chuma kikienda kwa mshazari, kamwe si wima, maana bomu hukanyagwa juu na ubavuni huguswa tu. Muulizeni mzee kazi yake. Ushujaa utajitokeza wenyewe bila kuitwa.

Aliporudi, nchi ilikuwa imefungishwa mkanda miezi 18 ambayo kila mtu mzima anajua ilizidi 18, sabuni ni ya foleni, sukari ni ya kujuana. Baba akaaga jeshi, akaingia kwenye maji kama fundi sanifu. Baadaye, akiwa na watoto tayari, akaenda Dar es Salaam kusomea uhandisi. Mama alibaki nasi akiuza karanga na ubuyu. Ninyi mnaosema mmechelewa kusoma kwa sababu mna mtoto mmoja, sijui niwaambie nini.

Miaka ya kukaa ofisini naiacha. Mhandisi wa maji wa Dodoma haishi ofisini. Mkoa huu mvua yake ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka ni milimita mia tano na kitu, tena ikipenda. Mto wa kutegemea hakuna. Maji yapo chini. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 1971 kwamba ndani ya miaka 20 kila kaya ya kijijini ipate maji ndani ya mita 400, na ahadi hiyo ilipofika Ugogo ilikuwa ni kisima kirefu, pampu, na injini ya Lister kwenye kibanda cha bati. Baba alizunguka kwenye vibanda hivyo na Land Rover. Akifika hagusi kitu. Anaamuru ipigwe hendeli, inawaka, halafu anaweka ncha ya bisibisi kwenye bodi ya injini na mpini sikioni, anafumba macho. Bearingi inayokufa aliisikia kabla mwendesha mashine hajaota. Kisha anaomba daftari la oili, na hapo kamati ya maji ya kijiji inaanza kukohoa.

Mfukoni mwa shati alikuwa na chaki siku zote. Wageni walidhani ni mwalimu. Chaki ilikuwa ya kupimia kisima: unapaka mwisho wa tepu ya chuma, unaishusha kwenye bomba, ukiivuta unaona chaki ilipolowa na ilipobaki nyeupe, unatoa hesabu, unajua maji yako kina gani. Tulipokuwa wadogo alituchukua kwa zamu na kazi ya mtoto ilikuwa kusoma namba kwa sauti. Wasichana pia, tena sisi zaidi, maana alisema kaka zetu wanabahatisha.

Kwa tepu hiyo na kaunta buku zake alijua jambo ambalo baadaye wataalamu wamelionyesha kwa vipimo vya miaka mingi: maji ya Makutupora, yanayonywesha mji huu kupitia visima vya Mzakwe, hayajazwi na kila masika. Masika ya kawaida hupita yakiyaacha yalivyo. Yanayojaza ni miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, wakati nchi nzima inalia mafuriko na reli. Baba mvua ile aliipokea kama mshahara.

Ndiyo maana tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, alipokuwa amekaa Uwanja wa Mashujaa hapa mjini pamoja na wenzake wa kofia na nishani, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma, watu walishangilia, hoteli zikaanza kupandisha bei jioni ile ile, na baba yangu alirudi nyumbani, akavua viatu, akamuuliza mama: "Na maji?" Makao makuu tuliahidiwa tangu 1973, alisema, na muda wote huo hakuna aliyeniuliza mimi kina. Hilo nalo nililisoma. Watu walicheka, halafu wale wa mitaa ya maji ya mgawo wakaacha kucheka.

Nakuja kwenye familia, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu wasifu nyingi hufia hapa. "Alikuwa baba mwema" haisemi kitu. Mwema vipi? Alipokuwa masomoni Dar es Salaam alituandikia barua kila mtoto yake peke yake, bahasha moja, karatasi tofauti. Mdogo wetu ambaye hakujua kusoma alichorewa pampu. Zilifika na watu wa treni. Mama alizigawa baada ya chakula, na ilikuwa marufuku kusoma ya mwenzio.

Baada ya kifo niliomba funguo ya sanduku lake la bati, nikakaa na kaunta buku zake zote. Fanyeni hivyo. Humo ndimo nilimopata barua ya kuacha jeshi, yenye Sajini Taji kwa wino na mhuri, nikaipiga picha na kumtumia yule ndugu aliyeandika "koplo". Hajajibu. Kadi ya uraia msiiamini kwa tarehe ya kuzaliwa. Wazee wengi walipewa tarehe ya karani. Bibi yangu alihesabu umri kwa njaa, akianzia Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920 Wajerumani na Waingereza walipokwisha kula ng'ombe na nafaka za Wagogo na kuchukua vijana kubeba mizigo. Kwa hesabu za bibi baba alizidi umri wa kwenye kadi.

Na humo, chini ya vipimo vya visima, kila mwezi, kwa miaka, kulikuwa na mstari mmoja: "Singida", na kiasi cha fedha. Hawala ya posta. Mwanzoni shilingi chache, baadaye zaidi, kisha "ada", kisha "ada na godoro", kisha "kumaliza chuo".

Tulijua kwa kunong'onezwa. Baba alikuwa na mtoto wa kiume kabla ya kumuoa mama, kabla ya vita. Watoto ni wanane. Kwenye mazishi yule kaka alisimama nyuma kabisa, akatupa udongo wake kama jirani, akapanda basi.

Nikaandika wanane. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuja nyumbani siku hiyo hiyo habari zilipomfikia. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. "Unamvua nguo ndugu yangu kaburini," alisema. "Wewe na kusoma kwako." Nikamwambia, shangazi, nguo hii aliifuma mwenyewe, mwezi kwa mwezi, nina daftari. Akasema mama yangu atadhalilika mbele ya kanisa. Mama alikuwa anachambua mlenda pembeni. Hakuinua uso. "Wifi, zile hawala nani alikuwa anazipeleka posta ndugu yako akiwa safarini? Mwandike mtoto."

Basi. Nikamwandika, namba moja, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nilimpigia simu aje, akaja na mke wake. Jina lake liliposomwa wa kwanza hakulia wala hakufanya lolote la kusimulia. Alipanga kiti chake vizuri.

Kwa hiyo msomaji wangu wa Manyoni, na wengine mnaonisubiri, sampuli sina na sitatengeneza. Kama mazishi ni keshokutwa, leo usiku kaeni na mama yenu na rafiki mmoja wa kazini kwa marehemu, muulize kazi ilifanywaje, si alikuwa mtu wa namna gani. Ugonjwa upeni sentensi moja. Cheo kitoeni kwenye karatasi, si kwenye kumbukumbu ya binamu. Watoto wote waandikwe. Mtoto si siri ya ukoo, ni mtu, naye ana masikio. Msomaji awe wa damu, na kamati iambiwe mapema kwamba salamu za wakubwa zitapungua. Watakasirika. Waache wakasirike. Tumezoea kuwaogopa watu wanaokuja kwa gari la ofisi na kuondoka kabla ya kaburi kufukiwa, huku wazee waliobeba chuma mabegani tunawaweka mistari miwili. Ni aibu, na tumeizoea kiasi kwamba tunaombana sampuli.

Na ninyi ambao wazee wenu bado wapo, mnasoma haya mkiwa kazini Mtumba au kwenye treni ya umeme kwenda Dar, mnafanya nini? Nunueni kaunta buku. Anzeni mapema. Nilisema nitarudia.

Nakala za wasifu nilichapa steshenari, nikampa kila mtoto, mama, na wale wazee wawili ambao bado wanabishana sita au wanane. Ya shangazi alinirudishia kwa mkono wa mdogo wangu, haijafunguliwa. Haniongeleshi mpaka leo. Ninayo hapa, siku akiitaka aje aichukue, ila idadi ya watoto sibadilishi.